Kumlea mtafiti kijana Mtwara na Lindi: mwongozo kamili, kutoka mwaka wa pili wa chuo hadi maombi ya uzamivu

Mwongozo huu nawaandikia wahadhiri wenzangu wa vyuo vya kusini, wenye madarasa makubwa, maktaba ndogo na ofisi wanayochangia watu watatu. Wanafunzi nao wasome, wajue cha kutudai.

Msimamo wangu ni huu: mwanafunzi wa Kitangari au Ruangwa ambaye kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu hafikishwi kwenye uzamivu (PhD) na semina za kuhamasisha. Anafikishwa na utafiti mmoja mdogo alioufanya mwenyewe na kuumaliza, huku akiwa na msomi aliyekaa naye tangu swali halijakaa sawa hadi ripoti ikasomwa mbele za watu. Ujasiri, barua ya mapendekezo na insha ya maombi vyote vinatoka humo.

Kusini tunajua inavyokuwa pale wenyeji wanapoishia kuwa mikono ya utafiti wa wengine. Kati ya 1909 na 1913, kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, kilichimbwa na mamia ya vibarua wa huku. Mifupa ya dinosaria waliyoitoa ilibebwa vichwani hadi bandarini Lindi, na leo mmoja wao amesimama Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikuwa na jicho la kutambua mfupa ungali ndani ya udongo. Jina lake lilikuja kupewa aina mojawapo ya dinosaria, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Tasnifu ziliandikwa na wengine.

Marekani waliliona tatizo la jinsi hii kwao na wakalitungia mpango. Unaitwa McNair, kwa jina la Ronald McNair, mwanafizikia mweusi wa South Carolina aliyepata uzamivu wake MIT mwaka 1976 na kufa katika chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986. Serikali ya shirikisho hutoa fedha kwa vyuo. Angalau theluthi mbili ya wanafunzi wanaochukuliwa lazima wawe wa kipato cha chini na wa kwanza kwao kufika chuo. Waliobaki watoke katika makundi ambayo ni machache kwenye masomo ya juu. Wanafanya utafiti chini ya mlezi, wanalipwa posho, wanasaidiwa maombi. Sisi hatuna fungu la namna hiyo, lakini sehemu kubwa ya kazi yenyewe haidai fedha. Inadai muda na utaratibu.

Hatua ya kwanza: mtafute, usimsubiri

Bandika tangazo ubaoni kwamba wanaotaka kujiunga na kundi la utafiti wajiandikishe. Watakuja walewale: waliosoma bweni kwenye shule zenye jina, ambao shangazi ana uzamili na neno uzamivu wamelisikia mezani kwao. Binti wa shule ya kata atalisoma tangazo na kupita, kwa sababu anaona haliwahusu watu kama yeye.

Kwa hiyo mwite kwa jina, ana kwa ana. Utamtambua kwa dalili ndogo ndogo: anabaki baada ya kipindi kuuliza kitu kisichokuwa cha mtihani, au zoezi lake lina mfano wa kijijini kwao usiokuwemo kwenye noti zako. Angalia pia wale ambao macho yetu huwaruka: wanafunzi viziwi, wenye uoni hafifu, wenye ualbino, mama mwenye mtoto mchanga anayekaa karibu na mlango. Wachukue wawili, watatu, wasizidi wanne. Ukichukua kumi utakuwa umeanzisha klabu.

GPA usiipuuze, ila usiifanye chujio la kwanza. Kwa mizani yetu ya alama 5, daraja la pili la juu huanzia 3.5 na la kwanza 4.4. Mwenye 3.2 mwishoni mwa mwaka wa kwanza bado ana nafasi ya kupanda, na mara nyingi anapanda akishapata sababu ya kusoma. Mwenye 3.2 siku ya mahafali njia yake ipo pia, ila itapitia uzamili mzuri kwanza. Mwambie hesabu hii waziwazi mapema. Wengi wanakuja kuijua wakiwa na joho mwilini.

Kwa nini mwaka wa pili? Ripoti ya mwaka wa mwisho inakuja kwa kuchelewa. Inaandikwa wakati wa presha ya mitihani, inafungwa jalada steshenari usiku wa mwisho, inapewa alama, inaingia kabatini. Hakuna muda wa kukosea na kurudia, na kurudia ndiyo sehemu inayomfundisha mtu utafiti.

Hatua ya pili: swali

Hapa ndipo nitakapokaa sana, maana hapa ndipo kazi nyingi hufia.

Mwanafunzi wako wa kwanza atakuja na kichwa hiki au ndugu yake: "Changamoto zinazowakabili wakulima wa korosho mkoani Mtwara." Usikikatae, ila usikipokee. Mkalishe umuulize. Wakulima gani? Wa kijiji kipi? Changamoto ipi uliyoiona kwa macho yako? Atababaika, kisha, ukimpa nafasi, atasema kitu. Tuseme ni binti wa Kitangari na jibu lake ni hili:

"Mwalimu, mjomba wangu haanzi kupulizia salfa akiuona ugonjwa. Anaanza akisikia mashine ya jirani."

Mwambie aandike sentensi hiyo papo hapo kabla haijapotea, kwa sababu utafiti umeanza. Ubwiri unga ni ukungu unaoshambulia majani machanga na maua ya mkorosho. Ua lililoshambuliwa linakauka bila kufunga tunda. Salfa ya unga hupulizwa kwa mashine alfajiri, upepo umetulia na umande upo, ili ishike. Ukichelewa kuanza, maua yamekwisha kuungua. Ukiwahi mno, umemwaga salfa bure. Kwa hiyo siku ya kuanza ni jambo la fedha, na mjomba anaipanga kwa kusikiliza mlio wa mashine.

Sasa swali linakuwa: ni nini kinachomfanya mkulima wa Kitangari aanze kupulizia wiki hii badala ya wiki ijayo? Mwache mwanafunzi atafute majibu yanayoweza kushindana. Labda mkulima hukagua maua. Labda humfuata jirani. Labda hana hiari kabisa, anasubiri salfa ifike kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, na ikifika wote wanaanza siku moja. Jibu hili la tatu mara nyingi halimjii mwanafunzi mpaka umuulize: je, salfa ilikuwa ghalani siku ile? Likishaingia, utafiti mzima unabadilika, maana kufuata jirani na kupokea pembejeo siku moja na jirani vinafanana kabisa ukivitazama kwa mbali.

Kisha mwulize swali ambalo huwatoa jasho hata wa uzamili: ukiwa kijijini, utaona nini kitakachokuonyesha kwamba jibu la kwanza ni la uongo? Akijibu kwamba ataandika tarehe tatu kwa kila mkulima, yaani siku aliyopokea salfa, siku jirani alipoanza na siku yeye alipoanza, basi amevuka. Mada imekwisha, sasa ana utafiti.

Asiyetoka kwenye korosho naye ana pa kuanzia. Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na wavuvi wa Msimbati wana maoni yao kuhusu mipaka yake. Nyumba za mawe za Mikindani zinabomoka moja moja, na kila moja ina mrithi mwenye sababu zake. Juu Newala, maji yana historia ndefu kuliko mabomba yake. Mtoto anayeingia chekechea akizungumza Kimakonde au Kimwera hukutana na nini wiki ya kwanza? Maswali haya mtu wa Dar hayaoni, na ndiyo mtaji wa mwanafunzi wako. Lakini kwa utafiti wa kwanza mwepushe na mambo ya wagonjwa, watoto na siri za unyago. Mambo ya afya ya watu yana mlolongo wake wa kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na unyago una wenyewe.

Swali liandikwe kwanza kwa Kiswahili, sentensi moja, hadi bibi yake alielewe. Kiingereza cha propozo kitakuja baadaye, na hakitaweza kuficha swali bovu.

Hatua ya tatu: mlezi wa pili

Huenda wewe ni mtu wa elimu na swali ni la mikorosho. Usiliue. Nje kidogo ya mji wa Mtwara kuna TARI Naliendele, kituo chenye dhamana ya kitaifa ya utafiti wa korosho, ambacho hushughulika pia na ufuta na karanga. Bodi ya Korosho makao yake makuu yako Mtwara. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wanapatikana kwa barua pepe. Ombi lenye mpaka wanalikubali kirahisi kuliko tunavyodhani, ila likija bila mpaka wanaliogopa. Mwanafunzi aandike mwenyewe, wewe upewe nakala:

"Dk., habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasimamiwa na mwalimu wangu anayesoma nakala ya barua hii. Ninachunguza nini huamua siku ambayo wakulima wa kijiji kimoja huanza kupulizia salfa. Naomba nusu saa ya muda wako kabla ya mwisho wa Juni, ofisini au kwa simu, nikuulize mambo mawili: dalili ya kuanzia inayoshauriwa kitaalamu ni ipi, na kama kuna kumbukumbu za ugawaji wa salfa ninazoweza kuziona. Nimeambatanisha ukurasa mmoja."

Basi. Asiombe "ushirikiano katika safari yangu ya kitaaluma". Asipojibiwa kwa wiki mbili, amkumbushe mara moja kwa adabu, kisha atafute mwingine.

Hatua ya nne: kikao cha kila wiki

Saa moja, siku ileile, saa ileile. Mwanafunzi anakuja na daftari moja tu la utafiti, lenye tarehe kila ukurasa, na anaanza kwa kusema: wiki hii nilifanya hiki, nilikwama hapa, wiki ijayo nitafanya hiki. Wewe usihutubie. Wahadhiri tunapenda kuhutubia.

Sehemu ya muhula itumike kusoma. Makala moja kwa wiki inatosha, si kumi. Google Scholar na AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika mtandaoni, havidai malipo kwa utafutaji, na makala nyingi za AJOL zinasomeka bure. Mkutubi aulizwe pia kama chuo kimejiandikisha Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi maskini majarida bure au kwa bei ndogo. Zotero ni bure kwa kutunza marejeo. Kwa kila makala mwanafunzi aandike nusu ukurasa kwa maneno yake: waliuliza nini, walijuaje, mimi siamini wapi. Hilo la tatu ndilo la thamani, na mtoto aliyelelewa kutobishana na wakubwa atalikwepa. Mpe ruhusa kwa kumwonyesha dosari kwenye makala yako mwenyewe.

Akili mnemba hawataiacha, kwa hiyo weka kanuni moja inayoshikika: hakuna rejeo linaloingia kwenye orodha kabla sijaona umelifungua. Programu hizo hubuni makala ambazo hazijawahi kuandikwa, tena zenye majina ya waandishi wanaoaminika.

Rasimu ikija, sahihisha kurasa mbili kwa kina na umrudishie zilizobaki azisahihishe kwa mfano huo. Ukijaza wino mwekundu kurasa ishirini atajifunza kwamba wewe unajua Kiingereza.

Hatua ya tano: ruhusa, ridhaa na nauli

Barua inaanzia chuoni. Kutoka hapo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Anza mapema, maana kila meza ina siku zake. Nakala tano za barua, na muhuri uwe unasomeka. Akifika kijijini aanze ofisi ya mtendaji, hata kama ni kijiji alichozaliwa. Mwenyekiti wa kitongoji asisikie habari zake kwa watu.

Ridhaa nayo si karatasi ya kusainiwa tu. Mfanyie mazoezi ofisini, wewe ukiwa mzee wa miaka 70 aliyechoka na wahojaji.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umetumwa na serikali?"

"Hapana babu, nasoma chuo hapo Mtwara. Nauliza habari za salfa nipate kujifunza. Jina lako siliandiki. Ukichoka tunaacha, na swali usilolipenda unalipita."

"Nitapata nini?"

Hapo wengi hukwama. Jibu sahihi ni la kweli: hutapata fedha, ila nitarudi kuwaeleza nilichokiona. Na arudi. Majina na namba za simu zitunzwe mbali na majibu. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kulinda taarifa za watu ni takwa la kisheria pamoja na la kiungwana.

Fedha. Usimwache mwanafunzi agharimie utafiti kwa bumu lake. Piga naye hesabu ya nauli, chakula, bando, kutoa kopi za dodoso, kisha tafuteni: fungu dogo la idara, mradi unaoendelea chuoni ambao swali lake linaweza kupachikwa, au kijiji ambako ana pa kulala bure. Kijiji cha kwao kina faida hiyo, ila ndugu wasiwe wahojiwa, na mjomba tuliyemtaja asiwemo kwenye sampuli. Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi: likizo ndefu ya chuo, Julai hadi Oktoba, inaangukia palepale kwenye kupulizia na mwanzo wa kuokota korosho. Kijana anayekwenda fildi anakosa kibarua kilichokuwa kinamlipia chumba. Ukiweza kumlipa hata kidogo, mlipe. Usipoweza, punguza siku za fildi, usizijaze.

Hatua ya sita: fildi na data

Wakulima 30 wa vitongoji viwili wanatosha. Orodha ipatikane kwa chama cha msingi au mtendaji, majina yaandikwe kwenye vikaratasi, yachanganywe kofiani, yaokotwe. Ni sampuli nasibu halali kabisa, na mwanafunzi ataielewa kuliko akiachiwa programu imchagulie.

Tatizo ni tarehe. Ukimwuliza mkulima alianza kupulizia tarehe ngapi atakupa yoyote ili uondoke. Mfunge kwenye matukio: ilikuwa kabla ya Sabasaba au baada? Nanenane ilikuta umeshapiga raundi ngapi? Kisha linganisha na daftari la chama kuhusu siku salfa ilipotolewa. Panapopishana, andika zote mbili, usichague inayopendeza.

Kabla ya wote 30, ajaribu dodoso kwa watu watatu wasiokuwemo. Daima kuna swali litakaloeleweka kinyume. Kwa wazee wanaoona raha kujibu kwa Kimakonde, awepo mkalimani aliyeelezwa kwamba kazi yake ni kutafsiri, si kumjibia mzee.

KoboToolbox hufanya kazi kwenye simu bila mtandao na kupakia data ukifika penye mnara. Karatasi nayo haina aibu. Cha lazima ni nakala mbili sehemu mbili tofauti kila jioni. Flashi iliyopita kwenye kompyuta za steshenari huwa na virusi kuliko data.

Uchambuzi uanzie kwa mkono: karatasi ya miraba, nukta 30, siku ya kupokea salfa huku, siku ya kuanza kupulizia kule. Nukta zikijipanga kwenye mstari, jibu la tatu lina nguvu. Zikitawanyika, mtazame jirani. Ndipo aende kwenye Excel, na baadaye R, ambayo ni bure. Aliyeichora kwa mkono hatadanganywa na namba ya kompyuta.

Hatua ya saba: asimame mbele za watu

Kurudisha matokeo kijijini kuwe kwa kwanza, kwenye mkutano wa kijiji au wa chama, kwa Kiswahili, dakika kumi. Watamsahihisha, na marekebisho hayo yaingie kwenye ripoti. Baadaye idara, kisha bango. Viwanja vya Ngongo, Lindi, hukusanya kanda ya kusini kila Nanenane. Kama banda la chuo lipo, bango la mwanafunzi lipate ukuta. Akimwelezea matokeo yake mkulima wa Nachingwea, bwana shamba na mkuu wa wilaya kwa mchana mmoja, usaili wa chuo cha nje hautamtetemesha.

Kuchapisha jaridani si lazima kwa ngazi hii. Mwonye kuhusu majarida yanayokubali makala ndani ya siku tatu na kudai dola. Ripoti safi ya kurasa 15 iliyosomwa na watu wawili wanaojua inamfaa zaidi.

Hatua ya nane: nyaraka, mapema

Sehemu hii haina utamu, lakini ndiyo huangusha wengi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba ya NIDA, vyeti vya NECTA na transikripti viwe na jina lilelile, herufi kwa herufi. Kusini tuna vijana ambao darasa la saba waliitwa jina moja, kidato cha nne jingine, na NIDA ikapindua mpangilio. Kusawazisha huko, kwa kiapo cha wakili na kwenda na kurudi ofisi hadi ofisi, kuanze mwaka wa pili. Pasipoti ifuate. Kuna ofisi za Uhamiaji Mtwara na Lindi, hakuna sababu ya kwenda Dar.

Hatua ya tisa: maombi

Njia ni nyingi, na mwanafunzi wa huku huwa anaijua moja tu: kusubiri ajira, kisha uzamili wa kujilipia jioni.

Hapa nchini na ukanda huu kuna uzamili wa UDSM, SUA, MUHAS (chuo cha afya Muhimbili) na Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, na ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, kwa wanaosoma Afrika Mashariki. Ulaya, kwa kawaida uzamili hutangulia. Erasmus Mundus hugharimia uzamili unaosomwa nchi zaidi ya moja. Sweden, Norway na Denmark mwanafunzi wa uzamivu huwa mwajiriwa mwenye mshahara, nafasi hutangazwa kama kazi. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza ni wa uzamili na inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, kwa hiyo si wa mara baada ya mahafali. Marekani programu nyingi huchukua mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza hadi uzamivu, hasa za sayansi, na humlipia ada pamoja na posho kwa miaka mitano hivi. Watu hawaamini ninapowaambia hilo.

Kuna wanaotilia shaka shahada ya miaka mitatu. Mwanafunzi aeleze hesabu: msingi 7, sekondari 4, kidato cha tano na sita 2, chuo 3, ni miaka 16 ya shule, sawa na ya Wamarekani.

Kalenda ya Marekani: tarehe za mwisho hukusanyika Desemba, masomo huanza Agosti au Septemba inayofuata. Anayemaliza mitihani Julai ana miezi mitano. Achague programu sita hadi nane, awaandikie maprofesa wawili watatu katika kila moja, akitaja makala yao aliyoisoma kweli na swali lake la Kitangari. Ada za maombi huweza kuondolewa kwa anayeomba; aandike kwa ofisi ya udahili, aeleze kipato, asione haya. Mitihani ya GRE (wa kuingilia masomo ya juu Marekani) na IELTS (wa Kiingereza) kila mmoja unazidi dola 200, na IELTS kwa mtu wa kusini ina safari ya Dar juu yake. Kabla ya kulipa, aangalie kama idara inaidai GRE kweli, maana nyingi zimeiacha, na kama watakubali barua ya chuo kwamba amefundishwa kwa Kiingereza.

Insha ya maombi isianze na umaskini. Ianze na salfa. Hali ya kwao itajwe pale inapoeleza alikojifunza kuona anachokiona.

Barua yako ya mapendekezo sasa. Ukiandika "ni mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na ushirikiano", umemzika. Barua za namna hiyo wanazo mamia. Fungua faili lake siku ya kwanza na uandike matukio: alipogundua mwenyewe kwamba daftari la chama linapishana na kumbukumbu za wakulima, alivyorudi kijijini kwa gharama ndogo kuwauliza tena, alivyobadili hitimisho. Matukio mawili ya aina hiyo, yenye tarehe, pamoja na nafasi yake kati ya wanafunzi uliowafundisha, ndiyo barua. Usimwambie aiandike mwenyewe wewe uje kusaini. Inafanyika sana, na wasomaji wanaitambua.

Nyumbani

Baba atauliza: atamaliza kusoma lini? Ni swali la haki. Familia ilishauza korosho za misimu kadhaa kumfikisha hapa, na wadogo zake wanangoja zamu. Kwa binti kuna na la ndoa, hata kama halitasemwa mbele yako. Omba kuonana na wazazi, nenda na mwanafunzi mwenyewe, na uzungumze fedha kwanza: nani analipa, posho ikoje, atarudi nyumbani mara ngapi. Usiahidi kwamba atapata. Mara nyingi mama mdogo au mjomba ndiye mwenye uamuzi. Mwulize mwanafunzi kabla ya kupanga viti.

Akikataliwa kote

Duru ya kwanza kukataliwa kote ni jambo la kawaida, na mwambie hivyo kabla majibu hayajaanza kuingia. Awaandikie maprofesa waliomjibu vizuri awali, awaulize nini kilipungua. Mmoja kati yao hujibu. Mwaka huo wa kati asikae bure: kujitolea kituo cha utafiti, ukusanyaji wa data kwenye miradi inayopita mkoani, au kukusaidia wewe kusimamia kundi jipya la mwaka wa pili kwa malipo yoyote mtakayoweza. Mwezi Agosti akae chini, aifungue insha ile ile, abadilishe aya ya utafiti kwa yale aliyoyaona msimu mpya, na nusu ya orodha ya vyuo iwe mipya. Uzamili wa hapa nchini uombwe sambamba, siyo baada ya majibu ya nje kutoka.